Yerusalemu Ilitekwa Lini? Siku Mbili Ambazo Watu Huzichanganya

Mjadala huu huanza karibu kila mara kwa namna moja. Mtu anatuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya mpanda farasi mwenye bendera, na chini yake maneno machache kuhusu kutekwa kwa Yerusalemu. Wa kwanza anajibu kwamba siku ile damu ilifika magotini. Wa pili anakataa: mshindi aliwaacha watu hai, wakatoka mjini na mizigo yao. Wa tatu anauliza, kwani nani hasa aliuteka, Wakristo au Waislamu? Haipiti saa moja watu wameshatupiana maneno makali ya dini, na msimamizi wa kundi amefunga mazungumzo.

Wale wawili wa kwanza hawapingani. Kila mmoja anaisimulia siku yake. Siku ya kwanza ni Ijumaa, tarehe 15 Julai 1099, jeshi la Wakristo kutoka Ulaya Magharibi lilipouvunja ukuta wa mji na kuua watu kwa wingi. Siku ya pili ni Ijumaa, tarehe 2 Oktoba 1187, mji huohuo uliposalimishwa kwa sultani Mwislamu, Salahuddin Ayubi, baada ya mazungumzo. Kati ya Ijumaa hizo mbili kuna miaka 88. Anayezichanganya ni sawa na mtu anayesimulia vifo viwili vya ukoo mmoja kana kwamba ni msiba mmoja.

Yule wa tatu ndiye anayenishughulisha zaidi, kwa sababu swali lake limejengwa juu ya dhana kwamba palikuwa na pande mbili tu. Hazikuwa mbili, na kwa kudhani hivyo karibu kila kitu kinachofuata hakieleweki.

Tuwekane sawa kwenye majina

Mji wenyewe Wakristo wa Afrika Mashariki wanaujua kwa jina la Yerusalemu. Waislamu wanauita Al-Quds, au Baitul Maqdis. Kwa Wayahudi ndiko lilikosimama Hekalu. Kwa Wakristo ndiko Yesu alikosulubiwa na kuzikwa, na Kanisa la Kaburi Takatifu limejengwa mahali hapo. Kwa Waislamu ndicho kibla cha kwanza, tena mahali pa safari ya usiku ya Mtume, Israa na Miraji. Yote haya yamo ndani ya eneo ambalo mtu mwenye afya analivuka kwa miguu kwa nusu saa.

Tunaposema "Vita vya Msalaba" tunatumia jina ambalo waliopigana vita hivyo mwanzoni hawakulijua. Wao walisema wanakwenda hija, au wanafunga safari ya kwenda Kaburini. Aliyeapa kwenda alishonewa msalaba wa kitambaa kwenye nguo, na kutokana na alama hiyo jina likaja baadaye. Waislamu wa wakati ule waliwaita wageni hao Ifranji, yaani Wafaranja, wakimaanisha watu wa upande wa Ufaransa na jirani zake. Maneno ya Kiarabu yanayomaanisha "vita vya msalaba" yalienea katika karne ya 19 tu.

Na "kuteka" mji wenye ukuta ni kazi ya wiki au miezi. Jeshi linauzingira, linazuia chakula kuingia, linatafuta pa kuvunja au pa kupandia. Walio ndani wanasubiri jeshi la kuwaokoa. Mara nyingi anayeshindwa ni yule ambaye maji na unga vinamwishia kwanza. Maji hayo tuyakumbuke, yatarudi mara mbili katika habari hii.

Mwaliko uliozaa umati

Mwaka 1071, huko Manzikert, Waturuki wa Seljuki walilishinda jeshi la Bizanti, dola ya Kikristo iliyotawala kutoka Konstantinopoli (Istanbul ya leo). Baada ya hapo sehemu kubwa ya ardhi ya Uturuki ya sasa ikaponyoka mikononi mwake. Kaisari Alexios Komnenos akaomba msaada kwa Papa. Alichotaka ni askari wa kukodi wa kumsaidia kurudisha ardhi yake, lakini alichokipata kilikuwa kingine kabisa. Ni kama mwenye nyumba aliyeita mafundi watatu wa paa, akaletewa kijiji kizima, na kijiji kile kikaanza kugawana vyumba.

Papa Urban II alihutubia Clermont, Ufaransa, tarehe 27 Novemba 1095. Aliwahimiza wapiganaji waende kuwasaidia Wakristo wa Mashariki na kuikomboa Yerusalemu, na akaahidi rehema: aliyekwenda kwa ibada, si kwa kutafuta sifa au mali, safari hiyo ingehesabiwa kuwa toba yake yote. Msomaji Mkatoliki analielewa neno rehema bila kufasiriwa. Kwa mpiganaji wa Ulaya ya wakati ule, aliyeua watu na akaogopa moto wa milele, ahadi hiyo ilikuwa kubwa mno. Wapo wanaosema kilichowapeleka ni uchu wa mali tu. Sikubaliani nao. Wengi waliuza au kuweka rehani mashamba yao ili wapate nauli, na wengi walirudi maskini kuliko walivyoondoka, kama walirudi. Imani yao ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayofanya yaliyotokea baadaye yawe mazito zaidi.

Usilifikirie jeshi la gwaride. Ulikuwa msafara wa mahujaji, wenye wazee, wanawake, mapadri na wapishi, na katikati yake wapanda farasi wa kivita. Njiani, katika miji ya Mto Rhine mwaka 1096, makundi ya waliochukua msalaba yaliwaua Wayahudi wengi, watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Yerusalemu wala Waturuki. Msafara mkuu ukaiteka Antiokia Juni 1098 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miezi saba. Njaa, maradhi na vita vilimaliza makumi ya maelfu. Walioufikia ukuta wa Yerusalemu, tarehe 7 Juni 1099, walikuwa kama 13,000, na wapanda farasi wa kivita kati yao hawakuzidi sana 1,300.

Vita vya panzi

Jeshi dogo namna hiyo, lenye njaa, lilipitaje katikati ya nchi za Waislamu hadi kufika huko? Jibu liko ndani ya nyumba ya Waislamu wenyewe wa wakati ule, na hapa ndipo hadithi ya pande mbili inapovunjika.

Palikuwa na makhalifa wawili. Baghdad alikuwapo khalifa wa Wasuni, wa ukoo wa Abbasi, ambaye nguvu zake zilishikwa na masultani wa Kituruki wa Seljuki. Kairo alikuwapo khalifa wa Washia wa Ismailia, wa ukoo wa Fatimi. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ni mnyang'anyi wa kiti. Yerusalemu ilikaa mpakani mwao kama shamba la urithi ambalo ndugu wawili wanaling'oleana mawe ya mpaka. Waturuki waliichukua kwa Wafatimi mwaka 1073.

Kisha vifo vikafuatana. Mwaka 1092 aliuawa waziri mkuu wa Seljuki, Nizam al-Mulk, na wiki chache baadaye akafa Sultani Malik Shah. Wanawe na ndugu zake wakaingia vitani kugombea dola. Mwaka 1094 wakafariki khalifa wa Kairo na waziri wake mkuu. Wafaranja walipotokea mwaka 1097, Aleppo ilikuwa na mfalme wake, Dameski mfalme wake, na hao wawili walikuwa ndugu wa baba mmoja wanaochukiana. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Waziri wa Misri, al-Afdal, aliona nafasi. Wafaranja walipokuwa bado wanaizingira Antiokia aliwatumia wajumbe, akitarajia kwamba wao na yeye wangeweza kugawana Shamu (Syria na jirani zake) na kuwabana Waturuki katikati. Mwaka 1098, Waturuki wakiwa hoi, akaizingira Yerusalemu, akaupiga ukuta wake kwa mitambo ya kurusha mawe, akaichukua. Ilikuwa chini ya mwaka mmoja kabla ya Wafaranja kufika. Kwa hiyo wale Waturuki waliosababisha safari yote hii hawakuwamo tena mjini. Waliokuwamo ni Wamisri. Al-Afdal alijitolea kuwaruhusu mahujaji waingie kuzuru kwa vikundi, bila silaha. Wafaranja wakakataa.

Kuanzia Antiokia kushuka kusini, watawala kadhaa wa Kiislamu waliwapa fedha, farasi na hata watu wa kuwaonyesha njia, wapite upesi na kuwaachia mashamba yao salama. Anayewalaumu leo kwa usaliti akumbuke kwamba hakuna aliyejua kuwa wageni hawa watakaa karibu miaka 200. Walidhani ni wavamizi wengine wa kupita, kama wengi waliotangulia.

Kiu na mbao

Liwali wa Wamisri mjini, Iftikhar al-Dawla, alijiandaa vizuri. Aliharibu visima vya nje ya mji au kuvitia sumu, akaondoa mifugo, na akahakikisha hakuna miti mizuri ya kukata karibu. Wafaranja wakajikuta katikati ya Juni, jua likichoma, mbele ya ukuta mkubwa, wakitegemea hasa bwawa la Siloamu lililokuwa karibu na ukuta, ndani ya shabaha ya mishale. Watu na wanyama walikanyagana pale. Wengine walitembea mbali kutafuta maji na kuyaleta kwenye viriba vya ngozi mbichi, yananuka, na bado yaliuzwa kwa bei ya kumuumiza maskini.

Tarehe 13 Juni walijaribu kuupanda ukuta na ngazi walizokuwa nazo, wakasukumwa chini. Bila mbao hapakuwa na ngazi, na bila ngazi hapakuwa na njia ya kuingia. Ndipo tarehe 17 Juni zikafika bandarini Yafa meli chache, zikiwamo za Genova, zikiwa na vyakula, kamba, misumari na mafundi. Meli zikavunjwa na mbao zake kupandishwa milimani. Nadhani watu wengi hawajui hili: Yerusalemu ya mwaka 1099 iliingiwa kwa sehemu kupitia mbao za meli, kwa nyundo za maseremala wa bahari.

Kilichojengwa ni minara ya kuhama. Fikiria kiunzi cha mafundi wa ghorofa, lakini kilichofunikwa kwa ngozi mbichi kisishike moto, kikawekwa magurudumu, na juu yake daraja la kuangushia ukutani. Mmoja ulikuwa wa Godfrey wa Bouillon upande wa kaskazini, mwingine wa Raymond wa Toulouse upande wa kusini. Tarehe 8 Julai jeshi zima lilifunga, likauzunguka mji miguu mitupu, mapadri mbele, huku walinzi wakiwatazama kutoka juu. Siku chache baadaye watu wa Godfrey waliufungua mnara wao usiku, wakauhamishia mahali pengine ambapo ukuta ulikuwa dhaifu na walinzi wachache. Wenyeji wa mji waliamka wakaukuta umehama.

Asubuhi ya tarehe 15 Julai daraja likaangushwa ukutani, na Wafaranja wakaingia.

Damu ilifika wapi?

Kilichofuata ni mauaji, na hakuna namna ya kuyalainisha. Waislamu walikimbilia Haram, eneo lenye Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba, wakauawa humo wengi wao. Tancred, mmoja wa viongozi wa Wafaranja, aliwapa wengine bendera yake kama dhamana ya kuwa salama juu ya paa la msikiti, na kesho yake Wafaranja wengine wakawaua. Mwandishi wa Dameski wa wakati ule aliandika kwamba Wayahudi walikusanyika katika sinagogi lao na likachomwa moto. Iftikhar na askari wake, waliojifungia katika Mnara wa Daudi, walijisalimisha kwa Raymond kwa malipo, wakaachwa waende Ashkeloni. Askari wakapona, na raia ndio waliolipa.

Na ile damu ya magotini? Maneno hayo hayakutungwa na maadui wa Wafaranja. Yaliandikwa na padri aliyekuwa katika jeshi lao, akisema wapanda farasi walipita kwenye damu iliyofika magotini na kwenye hatamu za farasi. Mkristo anayesoma Biblia yake atashtuka kidogo: hatamu za farasi zimo katika Ufunuo 14:20, penye shinikizo la ghadhabu ya Mungu. Padri yule alikuwa akiandika kwa lugha ya Maandiko, kuonyesha kwamba siku ya hukumu ya Mungu imefika. Hakuwa akipima kina. Kinachonitisha mimi ni kwamba aliyaandika kwa kujivunia.

Idadi nayo ina historia yake. Waislamu 70,000 waliouawa Al-Aqsa ni hesabu tunayoikuta kwa Ibn al-Athir, mwanahistoria aliyezaliwa mwaka 1160, miaka 61 baada ya tukio. Watafiti wengi wanakadiria kwamba mji mzima ulikuwa na watu kati ya 20,000 na 30,000, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezekani. Mwanachuoni mmoja wa Andalusia, aliyeishi Yerusalemu miaka michache kabla na aliyekuwa bado katika nchi za Mashariki habari ilipofika, alitaja 3,000, na watafiti wengi wa leo wanaegemea huko. Zipo pia barua za Wayahudi, zilizohifadhiwa katika ghala la sinagogi la Kairo, zinazoeleza jinsi wazee wa Ashkeloni walivyokuwa wakichangisha fedha kuwakomboa ndugu zao waliotekwa Yerusalemu, pamoja na vitabu na magombo ya Torati. Barua hizo zinathibitisha kwamba si wote waliuawa.

Mtu anaweza kuniuliza, kwani kupunguza idadi si kuwatetea wauaji? Nadhani ni kinyume chake. Ukimwambia mtu 70,000, akagundua kwamba si kweli, atadhani na mengine yote ni chumvi. Watu 3,000 waliouawa ndani ya siku mbili tatu, wengi wao wakiwa mahali pa ibada, hawahitaji kuongezewa.

Urban II alifariki tarehe 29 Julai 1099, wiki mbili baada ya mji kutekwa, kabla habari haijamfikia.

Miaka 88

Wafaranja waliunda ufalme. Godfrey alichaguliwa kuongoza na akafa mwaka uliofuata. Nduguye Baldwin akavikwa taji siku ya Krismasi mwaka 1100 huko Bethlehemu. Waislamu na Wayahudi walizuiwa kuishi ndani ya Yerusalemu. Kuba ya Mwamba ikageuzwa kanisa, Al-Aqsa ikawa ikulu, kisha makao ya Watemplari, watawa wapiganaji walioanzishwa mnamo mwaka 1119. Kwa msomaji wa pwani yetu kuna uzi mrefu hapa. Watemplari walipovunjwa katika karne ya 14, mali zao nchini Ureno zilipewa shirika jipya, Shirika la Kristo, na msalaba wa shirika hilo ndio ulioonekana kwenye matanga ya meli za Ureno zilizofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498.

Lakini maisha ya kila siku katika ufalme ule hayakuwa ya vita mfululizo. Mwaka 1140 Dameski ya Waislamu ilifanya mapatano na Yerusalemu ya Wafaranja dhidi ya Zengi, mtawala Mwislamu wa Aleppo na Mosul. Biashara ilipita, suluhu ziliwekwa na kuvunjwa. Na mwaka 1204 watu wa Msalaba wenyewe waliipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao.

Ijumaa ya pili

Salahuddin Ayubi alizaliwa Tikrit, Iraki ya leo, na alikuwa Mkurdi, ingawa watu wengi humwita Mwarabu. Jambo lingine linalosahaulika: miaka mingi ya utawala wake ilikwenda katika kupambana na Waislamu wenzake. Alikuwa waziri wa Misri mwaka 1169, akaufuta ukhalifa wa Fatimi mwaka 1171, akaingia Dameski mwaka 1174, akaipata Aleppo mwaka 1183. Ile nyumba ya ndugu wanaogombana ya mwaka 1099 yeye aliikusanya chini ya paa moja, kwa upanga na kwa maneno. Safari hii waliogombana walikuwa Wafaranja: mfalme wao Guy hakupendwa, na Raymond wa Tripoli, mmoja wa wakuu wao, alikuwa na suluhu yake binafsi na Salahuddin.

Na maji yakarudi. Tarehe 3 Julai 1187 Guy aliliondoa jeshi lake kwenye chemchemi ya Saffuriya, akavuka uwanda mkavu katikati ya kiangazi ili akaiokoe Tiberia. Askari wa Salahuddin waliwasumbua njia nzima, usiku ukawakuta hawana maji, na nyasi kavu zikachomwa moshi uwaendee. Kesho yake, katika vilima vya Hatini, jeshi la ufalme likaisha. Watemplari na wenzao wa Hospitali, shirika jingine la watawa wapiganaji, waliotekwa, zaidi ya 200, Salahuddin aliamuru wauawe. Tukimsifu kwa yaliyofuata, na hili tulitaje.

Yerusalemu ikabaki karibu bila wapiganaji. Alikuwamo Balian wa Ibelin, ambaye kufika kwake ni kisa cha pekee: alimwomba Salahuddin ruhusa ya kwenda kumchukua mkewe, akaapa kulala usiku mmoja tu. Watu wa mji wakamlilia abaki. Akamwandikia Salahuddin amfungue kiapo, naye akakubali, na mke wa Balian akasindikizwa salama kwenda pwani.

Mji ulizingirwa kuanzia tarehe 20 Septemba. Sehemu ya ukuta ilipoanguka, Balian alitoka kuomba masharti. Salahuddin alijibu kwamba aliapa kuuteka kwa upanga, kama walivyofanya wao mwaka 1099. Balian akamwambia kwamba kama hakuna masharti, wataua mateka wa Kiislamu waliomo mjini, kama 5,000, watabomoa Kuba ya Mwamba na Al-Aqsa, kisha watatoka kufa wakipigana. Baada ya kushauriana na watu wake Salahuddin akakubali fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na kiasi kidogo kwa mtoto, ndani ya siku 40. Maskini 7,000 walikombolewa kwa jumla ya dinari 30,000, zilizotoka katika fedha alizoziweka huko mfalme Henry II wa Uingereza.

Kwa hiyo anayesema "aliwasamehe wote" anakosea. Kulikuwa na vitisho, mapatano na bei. Al-Adil, ndugu wa Salahuddin, aliomba apewe watu 1,000 akawaacha huru, na Salahuddin mwenyewe aliwaachia wazee wengi bila malipo. Lakini maelfu walioshindwa kulipa waliingia utumwani. Karani wake aliwahesabu kama 15,000, huku Patriaki wa Wafaranja, askofu wao mkuu mjini, akiondoka na hazina za kanisa. Hata hivyo mauaji hayakuwapo, na katika zama zile, baada ya 1099, hilo halikuwa jambo dogo. Sioni haja ya kumfanya malaika ili kulitambua.

Siku hiyo ilikuwa 27 Rajabu mwaka 583 Hijria, tarehe ambayo hadi leo Lamu, Mombasa na Zanzibar watu hukesha wakisoma Miraji. Al-Aqsa ikasafishwa kwa maji ya waridi, na ikaletwa mimbari kutoka Aleppo, iliyochongwa kwa amri ya Nuruddin, mtawala wa Shamu kabla ya Salahuddin, karibu miaka 20 nyuma, wakati mji ungali mikononi mwa Wafaranja. Mimbari hiyo iliungua mwaka 1969, mtalii mmoja alipoutia moto msikiti.

Wala mambo hayakukomea hapo. Mwaka 1229 Kaisari Frederick II wa Ujerumani, akiwa ametengwa na Papa, aliipata Yerusalemu kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri bila kupigana, Haram ikibaki kwa Waislamu, na watu wa dini zote mbili wakawakasirikia viongozi wao. Mwaka 1244 wapiganaji wa Khwarazmi, Waislamu wenye asili ya Asia ya Kati, wakauchukua mji kwa nguvu.

Waliokuwa katikati

Narudi kwa yule aliyeuliza kama ni Wakristo au Waislamu. Kabla ya kuzingirwa mwaka 1099, Iftikhar aliwatoa nje ya mji Wakristo wengi wenyeji, kwa kuhofia kwamba wangemsaidia adui. Walikuwa Wagiriki, Wasiria, Waarmenia, watu ambao mababu zao waliomba katika Kanisa la Kaburi karne nyingi kabla ya Mfaranja yeyote kufika. Papa alisema safari ni kwa ajili yao. Mji ulipotekwa, kanisa hilo likakabidhiwa mapadri wa Kilatini, na makasisi wa Kigiriki wakasukumwa pembeni katika nyumba yao wenyewe.

Mwaka 1187 hawa hawakuondoka. Walilipa fidia kama wengine, wakaomba wabaki kama raia wanaolipa jizia, kodi ya wasio Waislamu, wakakubaliwa. Baadhi ya watu wa Salahuddin walimshauri alibomoe Kanisa la Kaburi ili Wafaranja wasiwe na cha kurudia, naye akakataa. Wayahudi nao wakaanza kurudi. Wafaranja, wakihangaika kupata dinari za fidia, waliweka nje vitanda, masanduku na vyungu na kuviuza kwa bei ya kutupa, kisha wakashuka kwa misafara kuelekea pwani. Walionunua vyombo vile walikuwa askari wa Salahuddin, na Wakristo wenyeji.